Kapo kwenye freti ya tano

Nilikaa mbali miaka 14. Jumamosi nikaenda kuisikiliza bendi niliyoiacha. Ukumbi ni mdogo, watu 60 wakiingia mlango haufungiki, na jukwaa limeinuka kiasi cha kiganja tu. Nilisimama karibu kabisa, nikawa naona kila kidole.

Walifungua na Smoke on the Water ya Deep Purple, ya 1972, ambayo wengi walioshika gitaa walianzia hapo. Waliipiga safi.

Kisha mpiga gitaa akachukua lile la nyuzi 12, akabana kapo shingoni, kile kibanio kinachobana nyuzi zote ili sauti ipande. Nikajua ni Hotel California ya Eagles. Lakini kapo ilikaa freti ya tano, kwa kuhesabu vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa. Sisi tulikuwa tukiibana ya saba, kama alivyofanya Don Felder, mpiga gitaa wa Eagles, kwenye rekodi ya 1976, na hatukutaka mchezo: kukopi ni kukopi, anayetaka ufunguo, yaani kimo cha wimbo, ushushwe akafanye mazoezi zaidi. Freti mbili ni toni nzima. Kwa mwimbaji, hiyo ndiyo tofauti ya kuimba na kujikaba koo.

Nikamtazama mwimbaji wetu. Kichwa kizima mvi. Niliumia jamani. Ile sauti yake ya juu ilikuwa imeondoka nikiwa mbali, wala sikuiaga.

Akaanza. Sauti imekuwa nzito, pana, na kila neno linasikika. Zamani alipofika kwenye kiitikio mishipa ya shingo ilimtoka. Safari hii aliimba ametulia, macho kwa watu. Nikakumbuka kwamba Felder mwenyewe aliurekodi wimbo huo kwanza kwa ufunguo mwingine, mwimbaji wao Don Henley akashindwa kuufikia, ndipo wakauhamisha, na kapo ikaishia freti ya saba. Kumbe hiyo saba tuliyoilinda kama sheria ilitokana na koo la mtu!

Besi, iliyokuwa yangu, sasa anapiga binti mmoja. Wimbo ule una mwendo wa rege ndani yake, na mimi kila penye nafasi nilikuwa najaza noti. Yeye anakata noti, ananyamaza, anaacha dramu ipumue. Anapiga vizuri kuliko nilivyopiga mimi, na nilimwambia hivyo.

Mwishoni magitaa mawili yakajibizana kama Felder na mpiga gitaa mwenzake Joe Walsh. Kwenye zile noti za kushuka pamoja kijana akateleza. Mkubwa akamsubiri kidogo, wakaangaliana, wakashuka wote. Ukumbi ulilipuka.

Watu walipotawanyika mwimbaji akanijia.

“Umeona tumeshusha?”

“Nimeona, kaka. Ibaki hapo hapo.”

Akanishika bega, hakusema kitu. Akanipa waya wa gitaa. Nikachuchumaa, nikaanza kuukunja kama tulivyozoea, duara moja kwa nje, moja kwa ndani, usije ukajisokota.