Unarudi kwa piano? Usibebe vitabu vyote

Hapa Nairobi ukiuliza watu waliacha piano lini, wengi watakwambia ni pale fomu thrii, baada ya mtihani wa gredi ya tano wa ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ama hapo karibu, masomo yakazidi, mwalimu akasahaulika. Sasa mtu ana kazi, amejinunulia kibodi kwa maduka ya Luthuli Avenue, anataka kurudi, na swali ni moja tu, nianze na kitabu gani? Wa kwanza kujibu atasema Hanon, yule mzee wa kitabu cha mazoezi ya vidole. Hanon anapewa kila mtu kama Panadol, hata haujasema unaumwa wapi.

Kitabu chenyewe kilitoka Ufaransa 1873, kina mazoezi 60, na mzee anadai ukishakizoea unakipiga chote kwa saa moja. Hiyo saa utaitoa wapi na jam ya Thika Road? Lakini shida yangu hata si muda. Yale 20 ya kwanza yote yako C meja, noti nyeupe tupu, mkono wa kushoto unafuata wa kulia, baada ya siku kadhaa vidole vinaenda vyenyewe na akili iko kwa supper. Halafu anataka uinue vidole juu sana, na wewe umeshinda kwa kompyuta mchana kutwa, mkono tayari umekaza, si ni kujitafutia maumivu tu? Sisemi ukitupe. Chukua namba moja, ihamishe D, kisha E flati, polepole, ndio kidole gumba kianze kukutana na noti nyeusi. Ukisikia uchungu acha hapo hapo, hakuna medali ya kuvumilia.

Mimi kura yangu ni ya mtunzi Burgmüller, kitabu chake cha Op. 100 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi). Ni vipande 25 vifupi, na kila kimoja kina kazi yake. Chukua cha pili, Arabesque: mkono wa kulia unakimbia vikundi vya noti fupi fupi, unajisikia uko sawa kabisa, alafu katikati mbio zile zile zinapewa mkono wa kushoto na hapo ndio utajua kidole cha nne na cha tano vimelala miaka yote hiyo. Na bado ni muziki, jirani wa ploti akisikia hakasiriki.

Czerny, mtunzi mwingine wa vitabu vya mazoezi, yuko sawa pia, lakini angalia namba. Op. 599 inaanzia chini kabisa, 299 ni ya spidi, usiiguse saa hii hata kama uliipiga shuleni. Macho na vidole havirudi pamoja bana, macho bado yanasoma gredi ya tano na vidole viko ya pili, kwa hivyo chagua kitabu cha kiwango cha vidole, si cha macho.

Hawa wote watatu walikufa kitambo, matoleo ya zamani yako bure IMSLP, tovuti ya noti za muziki. Enda saiberi, printi kurasa chache za mwanzo tu, wakuwekee spairo, juu kitabu cha gundi kinajifunga chenyewe kwa stendi ukiwa katikati ya mstari.

Cha kulipia labda ni kitabu cha skeli chenye namba za vidole, na hata hicho uliza kwanza kwaya ya kanisa, hakukosi mzazi ambaye mtoto wake alishamaliza nacho.