PRINCE2 na ripoti ya ukurasa mmoja

Wengi wanaoijua PRINCE2, utaratibu wa kusimamia miradi, kwa juu juu huilaumu kwa wingi wa makaratasi, na mimi nilikuwa miongoni mwao hadi niliposimamia mradi wa kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Utaratibu huu ulitolewa mwaka 1989 kwa ajili ya miradi ya teknolojia ya habari ya serikali ya Uingereza, ukiwa umejengwa juu ya utaratibu wa miaka ya 1970 ulioitwa PROMPT. Toleo la 1996, ndilo lililoongezewa tarakimu ya 2 katika jina, liliupanua ufae mradi wa aina yoyote.

Una kanuni 7 na michakato 7, lakini kwangu uzito wake uko katika andiko la uhalali wa mradi na katika kuigawa kazi kwa hatua. Andiko hilo, linaloeleza mradi utagharimu nini na utaleta faida gani, halifungiwi kabatini fedha zikishapatikana. Kila hatua inapokwisha, bodi ya mradi hulifungua upya na kujiuliza kama sababu zile bado zipo; zikiwa zimetoweka, mradi husimamishwa.

Bodi yenyewe ina pande tatu: mwenye mradi, mwakilishi wa watakaoutumia mfumo na mwakilishi wa wanaoujenga. Haimfuati meneja kila siku, bali humwekea mipaka ya muda na gharama, akaamua mwenyewe ndani yake. Akiona dalili kwamba ataivuka, huripoti kabla hajaivuka.

Sisi tuliruhusiwa kuchelewa wiki 2 katika hatua ya kuhamisha data. Siku ya tatu ya majaribio, mwenzangu aliyekuwa akilinganisha orodha alikuta mteja mmoja amesajiliwa mara 4, kila mara jina likiwa na tahajia tofauti, na kadiri alivyozidi kushuka ndivyo majina ya namna hiyo yalivyozidi kujitokeza. Tulipopiga hesabu, usafishaji ungetuchelewesha wiki 5. Zamani ningenyamaza nikawakesha watu kazini. Safari hii niliandika ripoti ya ukurasa mmoja yenye njia tatu: kuongeza muda, kuhamisha kumbukumbu za wateja walio hai tu, au kusitisha. Mwakilishi wa watumiaji aliisoma, akauliza kama kuna anayezifungua kumbukumbu za walioacha huduma. Hakuwepo. Bodi ikachagua njia ya pili, na mpango wa hatua ukaandikwa upya jioni ile ile.

Kuhusu makaratasi, kosa lilikuwa letu. Utaratibu wenyewe unataka upunguzwe kulingana na ukubwa wa mradi, nasi tulijaza kila fomu tuliyoikuta. Baadaye rejista ya vihatarishi, ya masuala na ya kumbukumbu za kila siku tuliziweka katika faili moja, na zile fomu nyingine hakuna aliyeuliza zilikokwenda.