Nilikuwa natafuta kiatu

Nikiwa chini barabarani, kitu cha kwanza nilichouliza ni kiatu changu. Cha kushoto, cheusi, chenye kifungo pembeni. Motari, dereva wa pikipiki, alikuwa amenishika bega, "Mama mwalimu, usisimame, tafadhali," na mimi napapasa kati ya magunia ya makala, yaani makaa, kiatu kimeenda wapi?

Ilikuwa Oktoba 2019, saa saba mchana, natoka shuleni Ndosho, hapa Goma. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, ilikuwa inashuka na mzigo wake, mwenyewe amesimama juu, na kile kipande cha mpira anachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma ili apunguze mwendo kikamshinda. Usukani wa mbao ukanipata pajani.

Maumivu sikuyasikia. Mpaka leo shemeji yangu haamini. Mfupa mkubwa kuliko yote mwilini umevunjika, na mtu anaulizia kiatu! Lakini ndivyo ilivyo: adrenalini, homoni ya hatari, inapomwagika, ubongo nao hutoa dawa yake wenyewe, ndugu wa mofini, ile dawa kali ya maumivu, na maumivu yanangojeshwa mlangoni. Yangu yalingoja kama nusu saa. Yalipoingia, yaliingia yote.

Watu walishajaa, unajua Goma. "Damu haiko! Mungu ni mwema!" Na kweli, sketi ilikuwa na vumbi la makala tu. Mama mmoja muuza ndizi akatoa hukumu: huyu ameshtuka, apewe maji ya sukari. Mimi ningeyanywa hata ya dimbwi. Kiu ile sijawahi kuiona tena. Na baridi, jua likiwa utosini! Motari akavua jaketi lake akanifunika. Nikaanza kupiga miayo, mmoja baada ya mwingine, nikaona aibu kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Hospitali walinifikisha nyuma ya gari dogo la mtu. Muuguzi, mama mtu mzima, hakuanza na mguu. Alinishika kifundo cha mkono, kisha akanibonyeza ukucha wa kidole mpaka ukawa mweupe, akauachia. Akautazama. Mimi pia nikautazama. Wekundu unapaswa kurudi kabla sekunde 2 hazijapita. Wangu ulikuja polepole, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kujua jibu. Mapigo 128 kwa dakika. Kijana wa mafunzo akapima presha, akafurahi: 110. Mama yule akamwambia, "Presha usiiamini bado. Na musimupe maji, ataenda kupasuliwa."

Siku nyingine, nikiwa nimelala mguu umening'inizwa, alinieleza. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja, hata moja na nusu, inaweza kumwagika ndani ya nyama na tone lisionekane nje. Mwili unapogundua upungufu, unafunga mishipa ya ngozi, ya mikono, ya utumbo, ili kidogo kilichobaki kiende kwenye ubongo na moyo. Ndiyo maana nilikuwa baridi na nimepauka. Figo nazo zinabana maji: mfuko wangu wa mkojo siku ile ulikuwa na vijiko vichache tu. Moyo unakimbia ili damu chache izunguke mara nyingi. Presha inasimama imara, inakudanganya, mpaka karibu theluthi ya damu imekwenda, halafu inaporomoka.

Hali hiyo madaktari wanaiita mshtuko, na hapa nina ugomvi na neno lenyewe. Sisi tukisikia mshtuko tunaelewa hofu. Tunampepea mtu, tunamwagia maji usoni, tunampa sukari, tunamwambia atulie. Yule mama wa ndizi hakukosea Kiswahili. Alikuwa anazungumzia moyo ulioogopa, kumbe daktari anazungumzia nyama inayokosa damu.

Mengine yalikwenda haraka. Walinyoosha mguu wakaufunga kwenye ubao (hapo ndipo nilipopiga kelele, Ndosho nzima ingesikia), wakanizidishia blanketi, kwa sababu mwili ukipoa damu inashindwa kuganda. Midomo walinilowanishia kwa pamba. Mdogo wangu akatoa damu, wakatafuta na chupa ya pili. Chuma kiko pajani mpaka leo, na mvua ya Goma kinaijua kabla yangu.

Nilivyorudi darasani nikaongeza somo ambalo haliko kwenye programu: watoto wa darasa la tano wanabonyezana kucha na kuhesabu. Wanalipenda kuliko hesabu zenyewe. Wiki iliyopita msichana mmoja alinishika mkono, akabonyeza, akahesabu mpaka nne, akanitazama kwa macho makubwa.

"Mwalimu, unavuja ndani?"

Nilikuwa nimetoka kufuta ubao kwa maji ya baridi. Nikamwambia ashike mkono wangu kwanza, upate joto, halafu apime tena.