Mimi naandika, mwenzangu anachora
Jamani komiki yetu inaenda! Hakuna kampuni nyuma yetu, kila kitu tunaamua wenyewe, na kwenye jalada majina yetu yatakaa sawasawa maana mchoraji sio kibarua wa mwandishi. Kabla ya wino anachora kwanza vijipicha vya penseli vya kila ukurasa, hapo ndo tunabishana kweli, kiputo (kile kiduara cha maneno ya mhusika) kikijaa maneno kinameza mchoro, so maneno yangu mengi yanakatwa na nakubali kabisa, yule bibi wa kwenye hadithi yetu alivyomchora amekunja uso ameshasema yote. Sapraizi tunaiweka ukurasa wa kushoto ili msomaji aikute akishafunua. Kurasa nazo lazima zigawanyike kwa 4, kitabu cha kubana kwa stepla ndo kilivyo, kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa 4. Saa hizi yuko kwenye wino!