Sekunde nne kwenye kayaki

Jamani, jana nimekalia kayaki ya mbio, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, kwa mara ya kwanza. Sekunde nne, chubwi! Nikapanda tena, chubwi tena. Mara ya tano kocha akaacha hata kucheka.

Kile chombo kina mita 5.2, kilo 12 tu, na upana wake umezidi nyonga zangu kidogo sana. Ukigeuza shingo kinakumwaga. Unachoegemea ni kafi likiwa ndani ya maji, sasa mimi nilikuwa nimelinyanyua juu kama mwavuli!

Kilichoniponza ni Lisa Carrington wa New Zealand. Olimpiki ya Paris 2024 alibeba dhahabu tatu za kayaki mita 500: peke yake, wawili, na wanne. Nikaona mambo mepesi. Kumbe huyo mama mbio yake ya mita 200 aliishinda London, Rio na Tokyo, halafu ikafutwa kwenye Olimpiki. Mimi ningesusa. Sasa ana dhahabu nane.

Nane pia anazo Birgit Fischer wa Ujerumani: ya kwanza Moscow 1980 akiwa na miaka 18, ya mwisho Athens 2004 akiwa na 42. Na 1984 hakwenda, Ujerumani Mashariki ilisusia. Hebu fikiria!

Nilidhani leo ningeamka na maumivu ya mikono. Wapi! Yanauma mapaja na mbavu, maana kila pigo la kafi linaanza kwa kusukuma mguu na kuzungusha kiwiliwili. Jumamosi narudi, na nguo za kubadilisha pea mbili.