Siku Nne Kando ya Barabara ya Kasenga, Kipupwe Kikikaribia

Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Aprili, na katika wiki ya mwisho ya Mei nilipanda basi dogo kutoka Lubumbashi kuelekea kaskazini-mashariki, barabara ya Kasenga, kwenda kumsalimia baba mkubwa ambaye sikuwa nimemwona tangu mwaka uliotangulia. Watu wa mbali wakisikia jina la Kongo hufikiria joto na mvua isiyokoma. Hawajui kwamba mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,200, na kwamba Juni na Julai, kipupwe kinapokaza, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 na asubuhi watu huongea huku mvuke ukiwatoka kinywani. Mimi mwenyewe, ingawa nimezaliwa huku, nilibeba koti jepesi tu.

Basi liliharibika mara moja njiani, jambo lisilostahili kusimuliwa. Kilichostahili kutazamwa ni barabara yenyewe. Nyasi zilizopita kimo cha mtu zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya shaba kuanzia juu, huku mashina yakiwa bado na ubichi, na katikati yake vilisimama vile vichuguu vikubwa vya nchi yetu, vingine virefu kuliko nyumba, vikiwa vimeota miti kileleni. Upande wa pili walikuja vijana wa baiskeli, kila mmoja akiisukuma kwa miguu baiskeli iliyobebeshwa magunia matatu ya makala, yaani makaa ya miti, kichwa kimeinamishwa, wakielekea mjini tunakotoka sisi.

Nilifika jioni. Baba mkubwa alikuwa ameketi uani, mbele yake kuna lundo la mahindi, naye akipukuchua bila kuangalia mikono yake. Alinitazama koti, akacheka.

"We wa mujini, leo utalala karibu na moto."

Sikujua bado kwamba hayo yalikuwa maelekezo na wala si utani.

Mavuno ndiyo yanayoongoza kila kitu mwezi huo. Karanga zilishang'olewa, mahindi yanatolewa shambani yakiwa yamekauka, na kila nyumba inakimbizana na siku ili nafaka iwe ndani kabla mchwa na mbuzi hawajaipata. Mahindi ya kula hupukuchuliwa na kutiwa kwenye magunia. Ya mbegu hayapukuchuliwi. Mama, mke wa baba mkubwa, alinipeleka jikoni kunionyesha. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito, na chini ya uchaga huo yalining'inia mahindi yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake, yameshikwa na masizi mpaka yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Alimenya moja kwa kidole gumba: ndani punje zilikuwa nyeupe kabisa, hakuna hata moja iliyotobolewa. Moshi wa bukari, yaani ugali, ya kila siku, alisema, ndiyo dawa yao dhidi ya fukusi, na ndiyo maana jiko la nje analoomba binti yake, lile la kisasa lisilo na moshi, yeye hana haraka nalo. Nilijaribu kumtetea binti kwa kutaja macho yanayowasha na kifua kinachobana. Mama alinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akaongeza kuni.

Kesho yake nilifuatana na wanawake hadi dembo, yaani lile bonde lenye unyevu ambalo maji yake hayaishi hata mvua ikikatika. Huko ndiko mboga za kipupwe zinakopandwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta mpaka karibu saa tatu, na wanawake walikuwa wakichota maji kwa ndoo katika visima vifupi vilivyochimbwa kwa jembe, wakimwagilia lengalenga, kabichi na nyanya. Wanaume walikuwa upande wa juu, wanafyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo unashikana vizuri kuliko wowote mwingine, na kwa kuwa hii ndiyo miezi ambayo tofali bichi linaweza kukaa nje bila kuogopa mvua. Kichuguu kilichokuwa na kimo cha paa nilipokuwa mtoto sasa kimebaki kama kisiki.

Siku ya tatu ilikuwa ya moto. Kwanza zilikatwa nyasi nzuri za kuezekea, zikafungwa vitita na kusimamishwa kwenye miti. Kisha wanaume walifyeka ukanda mpana kuzunguka nyumba zote na kuchoma kile kilichobaki ng'ambo ya ukanda huo. Mgeni angeona uharibifu. Lakini nyasi za Mei zina ubichi, moto wake unatambaa taratibu na mtu anaweza kuuzima kwa tawi la majani. Ukizingoja mpaka Septemba, zikiwa zimekauka na upepo umeanza, moto huohuo unaruka njia na kula ghala pamoja na nyumba. Watoto walikaa mbele ya moshi na fimbo, wakingoja panya wa porini watoke. Walipata wengi, na jioni walinikaribisha kwa ukarimu ambao sikuweza kuukataa.

Yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, mtoto wa kwanza wa baba mkubwa, hakuwepo siku hiyo kwa sababu alikuwa analinda tanuru. Nilimfuata alfajiri ya siku ya nne, mwendo wa karibu saa mbili. Zamani, nikija hapa likizo, tanuru zilikuwa nyuma ya mashamba tu. Sasa unapita vichaka vya machipukizi, unapita tena, ndipo unapoikuta miti ya miombo yenye unene wa kufaa. Tanuru lake lilikuwa kama kaburi refu: magogo yamepangwa, yamefunikwa majani mabichi, kisha udongo, na moto umetiwa upande mmoja. Alikuwa amelala hapo usiku tano. Hawezi kuondoka, kwani udongo ukipasuka na hewa ikaingia, mchana anakuta majivu. Alinionyesha moshi: mweupe mzito bado ni maji ya mti yanayotoka, ukigeuka buluu na mwepesi, makala yameiva hapo, anaziba. Alisimulia haya akiwa amejifunika gunia tupu mabegani.

Hapo ndipo nilipouliza lile lililonikera tangu usiku wa kwanza. Nyumbani kwao tulikuwa tumeota moto wa magunzi ya mahindi, ambayo huwaka haraka na kuzimika haraka, hata kufikia saa tisa usiku baba mkubwa alikuwa ameamka mara mbili kuongeza. Kwa nini mchoma makala hana makala katika mbabula yake, yaani jiko lake la makaa? Yaya alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai pesa. Kila gunia lina kazi yake: hili ada ya shule, hili mbegu, hili dawa. Kipupwe kikija, umeme wa mjini ukakatika, bei inapanda. Ni wakati huo basi ambapo hata chenga za makala zinakusanywa na kuuzwa.

Niliporudi nilipanda lori, nikaketi juu ya magunia hayohayo. Baba mkubwa hakuniomba hela wakati wa kuagana. Aliniomba blanketi, na baada ya kufikiri kidogo akasema mawili, kwa sababu yaya naye yuko porini.

Sokoni Lubumbashi nilikuta blanketi moja zito likiuzwa karibu sawa na magunia mawili ya makala kwa bei ya kijijini. Nilinunua mawili, nikamtafuta dereva yuleyule jioni hiyo kabla hajaondoka. Aliyapokea, akayasukuma nyuma kabisa ya lori, juu ya lundo la magunia matupu yaliyokuwa yakirudi kujazwa.