Fito, pau, mazio, boriti

"Dada, nisomee nini nipate kazi ya kulinda bahari?" Swali hili naletewa sana, na juzi kaniuliza kijana wa Msambweni. Nilimjibu kwa haraka: nenda Pwani University pale Kilifi, ukasomee viumbe wa bahari. Si jibu baya. Ila mimi mwenyewe sikupita njia hiyo.

Nilisomea hoteli. Watalii walipopungua nikarudi nyumbani Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, na kibarua cha kwanza kupata kilikuwa kupima mikoko. Hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Makongeni kuna Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji ulioanza mwaka 2013 kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti huinyonya na kuifungia, inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu. Pesa zikija, hurudi kwenye maji na vitabu vya shule. Lakini mnunuzi hanunui maneno, anataka hesabu. Na hesabu haipatikani mpaka mtu aingie topeni.

Nilipangwa na mzee mmoja ambaye ujana wake wote ameumalizia humo humo msituni akikata miti ya kujengea. Kijiji kizima kinamwita Babu. Mimi nilikuwa na futi ya fundi cherehani, daftari na penseli (wino ukilowa, kazi ya siku nzima imekwenda). Yeye alikuja mikono mitupu.

Mti hupimwa kipenyo, mita 1.3 kutoka ardhini. Mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, hausumbui. Mtihani ni aina tuiitayo mkoko wenyewe, maana mizizi yake huchomoza juu kwenye shina, na inabidi upande sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho ndipo upime. Huku umesimama mguu mmoja, mwingine umemezwa na tope, na chaza wamekwisha kuchana kifundo. Mbu sitawataja.

Kila mti Babu aliushika kwanza. "Fito." "Pau." "Hii mazio." Ndivyo wakataji walivyokuwa wakiuza, kwa unene, kuanzia nyembamba kabisa: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mimi nikizungusha futi na kuandika, nikimwona mzee anajifurahisha tu.

Karibu na adhuhuri akaniambia, "Hebu nisomee ile mazio, mwanangu."

"Thelathini."

"Thelathini nini?"

"Sentimita, Babu. Kipenyo."

Akanitazama. "Huo uliopima ni mkoko au mnazi?"

Nilikuwa nimeandika mzingo. Asubuhi nzima! Futi ikizunguka mti inakupa mzingo, na lazima ugawe kwa 3.14 ndipo upate kipenyo. Thelathini yangu ilikuwa tisa na nusu. Utasema kosa dogo, litasahihishwa. Litasahihishwa likionekana. Uzito wa mti haupandi sawa na unene wake, unapanda kwa kasi zaidi, kwa hiyo kipenyo kikizidishwa mara tatu, kaboni inazidi zaidi ya mara kumi. Tungekuwa tunauza miti isiyokuwepo. Na aliyelikamata kosa hakuwa mwenye cheti.

Basi kijana wa Msambweni, soma. Wanaotengeneza zile hesabu wamesoma sana, na tunawahitaji. Tunahitaji pia anayejua kutunza vitabu vya fedha, anayelea miche kitaluni, nahodha, na akina mama kama wale wanaowatembeza wageni kwenye daraja la mbao la mikoko hapa Gazi. Lakini kabla hujajaza fomu yoyote, jifunze mwezi. Sisi kazi tunaipanga kwa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapopwa mbali. Ofisi ikikupangia Jumatatu na bahari imekataa, utakaa nyumbani.

Siku hizi Babu ananifanyia mtihani. Nafumba macho, nashika mti, nakisia kabla ya futi. Wiki iliyopita nikasema pau, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Futi ikatoa ishirini na nane, nikagawa: karibu tisa.

"Mazio," akasema, ameshafika kwenye mti unaofuata.